Mashine Kuukuu

Mtu mwenye uwezo akikosea hununua kingine. Mtu asiye na uwezo akikosea hukaa na kosa lake. Hii ndiyo tofauti kubwa niliyoiona kati ya tajiri na maskini katika miaka yangu sitini na mitatu, wala sikufunzwa na kitabu, ila na kompyuta kuukuu ya mezani. Nataka kueleza hapa jinsi nilivyoibadili prosesa ya kompyuta hiyo kwa fedha chache. Jambo lenyewe si kubwa, lakini katika udogo wake niliiona nafsi yangu jinsi ilivyo: haraka yake, kiburi chake na woga wake.

Baada ya kustaafu ualimu, mimi na mke wangu tulifungua duka dogo la steshenari katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, huku Ngamiani mjini Tanga. Kazi yetu ni kupiga chapa barua, kutoa nakala, kutengeneza picha za pasipoti, kupunguza ukubwa wa filamu za mahafali ili ziweze kutumwa kwa simu, na, zaidi ya yote, kuwajazia vijana maombi ya vyuo, ya mikopo na ya ajira, ambayo siku hizi aghalabu hayapokelewi ila kwa mtandao. Chombo chetu kikuu ni kimoja tu: kompyuta niliyoinunua mwaka 2017, ikiwa imekwisha kutumika katika ofisi fulani ya Ulaya. Karatasi iliyobandikwa mgongoni mwake husema kuwa ilitengenezwa mwaka 2011. Ilipofika kwetu ilikuwa imestaafu kama mimi. Tukafanya kazi pamoja bila ya kulaumiana.

Miaka ya kwanza ilituhudumia vema. Kisha, kidogo kidogo, ikaanza kuchelewa. Nilidhani kuwa imezeeka na nguvu zake zimepungua, lakini nilikuwa nimekosea. Prosesa haichoki kama misuli ya mtu. Hesabu iliyoifanya kwa sekunde moja mwaka 2011 ilikuwa bado ikiifanya kwa sekunde moja. Iliyobadilika ni mizigo. Ukurasa wa mtandao ambao zamani ulikuwa maandishi na picha mbili tatu, leo ni programu nzima inayotaka kuhesabiwa na kuchorwa mbele ya macho ya msomaji. Punda alikuwa yule yule. Magunia ndiyo yaliyoongezeka.

Siku niliyotambua kuwa jambo hili si la mzaha ilikuwa katika msimu wa maombi ya mikopo ya masomo, mwaka 2025. Ilikuwa siku ya mwisho. Yapata saa tatu usiku alikuja binti mmoja, pamoja na mama yake, amekumbatia bahasha ya vyeti. Mtandao wa nyumbani kwao ulikuwa umewasumbua tangu asubuhi, na mlango wa maombi ungefungwa saa sita. Nilimkaribisha, nikaanza kazi. Cheti cha kuzaliwa kilipita; cha kidato cha sita kilipita; nilipofungua ukurasa wa mdhamini mashine ikaganda. Mshale wa skrini ukasimama kama nzi aliyenaswa na gundi. Nikaizima, nikaiwasha, dakika nne zikapita kabla haijawa tayari. Nikaanza upya, ikaganda tena.

“Mwalimu, itafika?” binti aliuliza.

“Itafika, mwanangu,” nilimjibu, nami sikuwa na msingi wowote wa jibu hilo.

Ilipotimu saa tano kasorobo niliona kuwa naanza kumdanganya mtoto wa watu. Nilifunga duka, nikawachukua binti na mama yake hadi kwenye duka la kijana mmoja, barabara ya tatu kutoka kwetu. Yule kijana alimaliza kazi kwa dakika kumi na tano, akakataa malipo. “Mzee, ile mashine yako ipumzishe,” aliniambia kwa upole. Binti akanigeukia, akasema, “Ahsante, Mwalimu.” Lawama ningeweza kuipokea, shukrani ile ilinichoma, kwa kuwa sikuistahili. Kama yule kijana angekuwa amefunga duka lake, binti yule angepoteza mwaka mzima kwa sababu ya ubahili wangu au uzembe wangu. Na usiku ule sikujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kulipokucha ushauri ulikuja wa kila namna. Rafiki mmoja alinishauri nikope ninunue mashine mpya. Mwingine alijua mahali panapouzwa mashine iliyotumika ya kizazi cha karibuni kwa shilingi 650,000. Fedha hizo sikuwa nazo, na mkopo wenye riba kwa mtu wa pensheni ni mgeni ajaye na kitanda chake. Mke wangu alinisikiliza kwa siku mbili. Siku ya tatu alinipa shilingi 150,000 alizozipata katika zamu yake ya upatu, fedha alizokusudia kununulia mabati ya banda la uani. “Fanya kwa hizi, Bwana,” alisema, “na zikiisha usiniambie kuwa zimeisha. Niambie zimefanya nini.”

Hapo ndipo nilipoiacha ile tabia ya kuitazama kompyuta kama sanduku la mganga. Kwetu watu huliita kasha zima “sipiyu”. Walakini jina hilo ni la kitu kimoja kidogo kilichomo ndani, yaani prosesa, ambayo wataalamu wa lugha wameiita kichakataji. Ni kipande cha mraba, upande wake haufiki sentimita nne, na ndicho kinachofanya hesabu zote. Prosesa ya kwanza ya namna hii kuuzwa na kampuni ya Intel ya Marekani, iitwayo 4004, ilitoka mwaka 1971 ikiwa na transista 2,300. Gordon Moore, mmoja wa waanzilishi wawili wa kampuni hiyo, alikuwa ameandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vipande vinavyoweza kuwekwa katika chipu moja itakuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka; mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Prosesa niliyokuja kuinunua ilitoka mwaka 2012, na ndani yake mna transista zaidi ya bilioni moja. Mwendo huu wa kuongezeka ndio baraka ya mtu wa mtumba: kilichokuwa fahari ya mwenye nacho mwaka ule huuzwa leo kwa bei ya debe chache za mahindi, hali bado ni kizima.

Walakini si kila uchelewaji ni wa prosesa. Mhandisi mmoja wa Marekani, Gene Amdahl, aliyekuwa msanifu mkuu wa mashine za System/360 za kampuni ya IBM, alieleza mwaka 1967 jambo ambalo kila mwenye fedha chache afaa kulijua. Ukiiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako yote haiwezi kupita kiasi cha muda ambao sehemu ile ilikuwa ikiutumia. Tuseme kazi fulani huchukua dakika kumi, sita za kungoja diski na nne za hesabu za prosesa. Ukinunua prosesa yenye mbio maradufu, zile nne huwa mbili, na kazi nzima huwa dakika nane. Ukinunua prosesa ya miujiza isiyotumia hata sekunde, bado utangoja dakika sita. Mtu aliyetoa fedha zake zote kwa prosesa atasema kuwa ameibiwa, na aliyemwibia ni kutojua kwake.

Basi kwa muda wa juma zima nilifanya kazi ya kutazama. Ndani ya mashine mna dirisha linaloonyesha, kwa asilimia, kila kiungo kinashughulika kiasi gani. Nilikaa na daftari, nikaandika kama nilivyokuwa nikiandika mahudhurio ya wanafunzi. Asubuhi, mashine inapowashwa, diski ilikuwa katika 100 na prosesa inapumzika katika 20. Kurasa nyingi zinapofunguliwa pamoja, kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, ilijaa. Ilikuwa gigabaiti 4 tu, na ziada yote ikamwagikia kwenye diski. Lakini tulipopunguza filamu za mahafali, au ukurasa mzito ulipokuwa ukijichora, prosesa ilipanda hadi 100, ikakaa huko huko. Nikajua kuwa mgonjwa wangu alikuwa na maradhi matatu, na kwamba shilingi 150,000 zilipaswa kugawanywa kwa haki, si kwa mapenzi.

Nilianza na diski. Ya zamani ilikuwa ya kuzunguka kama santuri. Niliibadili kwa diski isiyozunguka, ya gigabaiti 128, kwa shilingi 55,000. Nikaongeza ramu ya gigabaiti 4 kwa shilingi 20,000. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika nne sasa iliwaka kwa dakika moja kasoro, na prosesa ilikuwa bado ni ile ile. Kama ningalianza na prosesa, nisingaliyapata hayo. Ikabaki shilingi 75,000 na kazi moja.

Prosesa iliyokuwamo ilikuwa Core i3-2100, ya mwaka 2011, yenye viini viwili. Kiini ni kama fundi mmoja katika karakana: viini viwili ni mafundi wawili, vinne ni wanne. Nilitaka vinne. Katika nambari za Intel za miaka ile, tarakimu ya kwanza baada ya mstari hutaja kizazi: 2 ni kizazi cha pili, 3 cha tatu, 4 cha nne. Mpwa wangu anayekaa Dar es Salaam aliniambia kuwa katika maduka ya Kariakoo ameona Core i5-4570, yenye viini vinne, kwa shilingi 45,000. Nne ni kubwa kuliko tatu, nami nikaona kubwa ni bora.

“Mjomba, umehakikisha soketi yake?” aliniuliza kwa simu.

“Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mitano,” nilimjibu kwa ukali. “Nunua.”

Alinunua, akanitumia kwa basi, na kifurushi kikanigharimu shilingi 5,000. Nilifungua kasha la mashine, nikaiondoa prosesa ya zamani, nikaileta mpya juu ya makao yake. Ilikataa kukaa. Pembeni mwa kila prosesa ya namna hii mna mapengo mawili madogo yanayopaswa kuingia katika vijino viwili vya soketi. Mapengo ya hii yalikuwa mahali pengine kabisa. Ndipo nikasoma nilichopaswa kukisoma kabla ya kutoa fedha. Soketi ya mashine yangu huitwa LGA 1155, na hupokea vizazi viwili tu, cha pili na cha tatu. Kizazi cha nne kilikuja mwaka 2013 na soketi yake, LGA 1150. Nambari hizo ni idadi ya nukta za chuma ambazo prosesa hukutana nazo. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshindwa kutoa 1150 katika 1155. Tofauti ilikuwa tano, nayo ilitosha kunitia aibu.

Namshukuru Mungu kwa jambo moja: sikutumia nguvu. Nukta zile zimo katika ubao, si katika prosesa. Ni visiki vyembamba mithili ya manyoya, na kikipinda kimoja ubao mzima huweza kuwa si kitu. Watu wengi hufikiri kuwa fundi mwema ni mwenye mkono wa nguvu. Mimi siku ile nilijifunza kuwa fundi mwema ni yule anayejua kuusimamisha mkono wake kitu kinapokataa, akauliza kwa nini kimekataa.

Nilimpigia mpwa wangu. Kumwomba radhi mtoto uliyemfundisha kusoma si jambo jepesi, lakini lililo zito zaidi ni kulikwepa. “Mwanangu, kosa ni langu,” nilimwambia. Alicheka bila dharau, akasema, “Irudishe, Mjomba, nitazungumza na mwenye duka.” Mwenye duka alikuwa mtu mwema, alikubali kubadilishana kwa nyongeza ya shilingi 10,000, akampa Core i5-3470, ya kizazi cha tatu. Kifurushi cha kurudisha kilinigharimu shilingi 5,000, na cha kuletewa shilingi 5,000 tena. Ukali wangu wa dakika moja katika simu ulikuwa umenila shilingi 20,000. Kwa mwenye mali hizo ni nauli ya teksi; kwetu zilikuwa mabati ya banda.

Safari hii nilisoma kwanza. Prosesa ya zamani ilikuwa ya wati 65. Hii ni ya wati 77, nami nikaona kuwa kipoza umeme cha kasha, kile kinachogawa nguvu kwa viungo vyote, kina uwezo wa kuzimudu wati 12 za ziada. Ubao wangu una chipu zinazoitwa H61, ambazo hukubali kizazi cha tatu, lakini kwa sharti. Ubao ulitengenezwa mwaka 2011, na kizazi cha tatu kilizaliwa mwaka 2012. Hauwezi kumtambua mgeni ambaye hakuwapo duniani siku ulipofundishwa. Sharti kwanza uhuishwe ule mpango mdogo unaoamsha mashine kabla ya yote, uitwao bayosi, na kazi hiyo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Aliyeitoa ya zamani na kutia mpya kabla ya hapo huona skrini nyeusi, akalaani mwuzaji asiye na hatia.

Kazi ya kuhuisha bayosi ni ya dakika chache, ila ina hatari moja: umeme ukikatika katikati, mpango hubaki nusu, na ubao huweza kufa usiamke tena. Sina haja ya kumweleza mkazi wa mji wetu habari za umeme kukatika. Nilikwenda kwa jirani yangu anayerekodi kaswida, nikamwazima kile chombo chenye betri kinachoshika umeme unapotoka, ambacho mafundi hukiita yupiesi. Alinipa kwa usiku mmoja. Nilichukua faili kutoka kwa watengenezaji wa ubao wenyewe, nikalinganisha nambari ya ubao na nambari ya faili mara tatu, nikaitia katika flashi, nikaanza. Mstari wa skrini ulitambaa kama konokono. Mke wangu alisimama mlangoni asiseme neno. Dakika ya nne mashine ikajizima, ikajiwasha, ikatoa sauti yake ya kawaida.

Umeme haukukatika usiku ule. Mtu angeweza kusema kuwa niliazima chombo cha watu bure. Nami nasema kuwa hadhari haipimwi kwa hatari iliyokuja, bali kwa hasara ambayo ingekuja. Aliyefunga mlango usiku ambao mwizi hakupita hakuupoteza usingizi wake.

Asubuhi niliing’oa mashine kutoka ukutani, nikaigusa bati ya kasha ili umeme tuli wa mwilini unitoke, nikaanza. Kwanza nilitoa vumbi. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka minane, limejisokota katika mbavu za kipoza joto kama pamba ya mto. Nilifungua parafujo nne za kipoza joto kwa kupokezana, moja kidogo na ya pili kidogo, ili kisiegemee upande. Dawa ya zamani ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chokaa. Niliifuta kwa kitambaa na spiriti. Nikainua wenzo wa soketi, nikaitoa i3 kwa ncha za vidole, nikaifunga katika karatasi. Prosesa mpya ina pembetatu ndogo ya rangi ya dhahabu katika kona moja. Niliielekeza na alama ya soketi, nikaishusha bila kuisukuma. Ilikaa yenyewe kama kifuniko juu ya sufuria yake. Nikalaza wenzo, nikatia dawa mpya, niliyoinunua kwa shilingi 3,000, kiasi cha punje ya mchele tu, maana nyingi haiongezi ubora. Nikarudisha kipoza joto na waya wa feni yake.

Nikaiwasha. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Sitasahau kimya kile. Nilifikiri juu ya mabati, juu ya upatu, na juu ya mke wangu aliyesema nisimwambie kuwa zimeisha. Mkono ulitaka kuanza kung’oa kila kitu kwa pupa. Nikaukumbusha habari ya 1155. Nilizima, nikakaa, nikajiuliza: Ni kitu gani kingine nilichokigusa? Wakati wa kutoa vumbi nilikuwa nimezichomoa ramu mbili. Moja haikuwa imeingia hadi mwisho. Kibano chake cha upande mmoja kilikuwa wazi. Nikaibonyeza mpaka ikalia, nikawasha tena. Skrini ikaandika jina la mgeni: i5-3470.

Sasa nieleze zimefanya nini, kama nilivyoagizwa. Kabla ya kubadili nilikuwa nimepima filamu moja ya mahafali; kuipunguza kulichukua dakika 52. Filamu ile ile, kwa programu ile ile, sasa ilichukua dakika 27. Kurasa nzito za maombi zilijichora bila ya kuganda, hata zilipofunguliwa sita pamoja. Joto la prosesa, ikifanya kazi kwa nguvu zote, lilikaa chini ya lile la prosesa ya zamani kabla ya kusafishwa. Naamini sifa hiyo ni ya vumbi lililotoka na dawa mpya kuliko ya prosesa. Katika kuwaka, prosesa haikuongeza faida ya kutajwa, kwa sababu hapo kazi ilikuwa ya diski na diski ilikwisha kuitenda. Bwana Amdahl alikuwa amesema kweli hata Ngamiani.

Ni haki pia niseme lisilofanyika. Windows 10 iliyokuwamo ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha pili wala cha tatu. Prosesa yangu mpya haikuivusha mashine mto huo. Nilitia Linux, mfumo usiouzwa ambao msingi wake ulianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kazi zetu za barua na mtandao zinatosheka nao, ingawa printa ilitaka kubembelezwa siku mbili. Mtu ambaye kazi yake haiwezi ila kwa Windows mpya angefanya kosa kuniiga. Kadhalika, mashine ambayo ubao wake umeoza, au ambayo viungo vyake vikijumlishwa vyafika bei ya mashine bora zaidi, kuitia prosesa ni kumpaka hina mgonjwa mahututi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema uulalie mbacha uliokwisha kuchanika vipande viwili.

Majuma machache baadaye yule binti alikuja dukani kuchapisha barua yake ya chuo. Alikuwa amepata. Nilitaka kumwambia habari za soketi na bayosi, nikajizuia; hakuja kwa hayo. Karatasi ilitoka kabla hajamaliza kunisalimu. Aliitazama mashine, kasha lile lile lenye mikwaruzo ile ile, akauliza, “Mwalimu, mmenunua nyingine?” Nilimwambia, “Ni ile ile, mwanangu, ila tumeisikiliza.”

Hesabu yangu ilifunga hivi: diski 55,000, ramu 20,000, prosesa 45,000, nyongeza ya kubadilishana 10,000, vifurushi vitatu 15,000, dawa ya joto 3,000, jumla shilingi 148,000. Nilimpa mke wangu daftari pamoja na shilingi 2,000 zilizobaki. Alisoma mstari kwa mstari kama mkaguzi, kidole chake kikasimama kidogo penye vifurushi vitatu, kisha kikaendelea. Hakuuliza. Alizifunga zile elfu mbili katika pindo la kanga, akasema, “Hizi ni za kuanzia mabati.”

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu aliye na chombo kikuukuu na fedha chache. Wapo watakaomcheka kwa kuwa hanunui kipya, na wapo watakaomsifu kwa kuwa hatupi cha zamani. Asiwasikilize hawa wala wale. Na akitazame chombo chake kwa siku saba, aulize ni wapi kinaposhindwa, asome kabla ya kutoa fedha, na amsikilize mdogo anayeuliza swali la maana. Fedha chache zikiongozwa na maarifa hufika mbali. Zikiongozwa na kiburi hupanda basi, zikaenda Dar es Salaam na kurudi.